Kadi yako ya kisukari inatupima na sisi

Tangu kliniki yetu ianze kuhakiki kadi za wagonjwa wa kisukari, malalamiko yameongezeka dirishani. Linalorudiwa zaidi ni hili: "Daktari, sukari yangu leo ni 6, miguu unaitazama ya nini?" Foleni ni ndefu na nauli inauma, hilo tunalijua. Lakini mtu wa miaka kumi kliniki hakupaswa kuuliza swali hilo.

Sukari ya asubuhi ni habari ya asubuhi hiyo tu. Tunawajua wanaoacha wali na soda siku mbili kabla ya kliniki. Tunayajua pia madaftari yenye 6.1, 6.2, 6.1 kwa wino mmoja, mwezi mzima. Glukomita, kile kifaa chako cha kupimia sukari, ina kumbukumbu yake, na huwa tunaifungua. HbA1c, mnayoiita sukari ya miezi mitatu, haidanganyiki hivyo. Inapima sukari iliyoshikamana na hemoglobini ndani ya seli nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120. Huhitaji kuja na njaa. Ila ukiwa na selimundu, upungufu wa damu, au umeongezewa damu karibuni, sema kabla ya kutolewa damu, maana jibu linaweza kupotosha.

Utaratibu ni huu. Kila hudhurio: presha, uzito, sukari, dawa. HbA1c: angalau mara mbili kwa mwaka, au kila miezi mitatu dawa zikibadilishwa. Kila mwaka: mkojo na damu kwa ajili ya figo, miguu kwa uzi wa monofilamenti wa gramu 10 (kuona kama bado inahisi, maana kisukari huua hisia), na macho kwa dawa ya kutanua mboni (siku hiyo usije na bodaboda unayoendesha mwenyewe). Kipimo kisichofanyika, kisanduku hubaki wazi. Muuguzi haruhusiwi kuandika "kawaida". Aliyekosea hukata mstari mmoja, huandika sahihi na tarehe. Kufuta kwa wino mweupe ni kosa la kinidhamu.

Kila robo mwaka tunahesabu. Tuseme waliosajiliwa ni 100, waliopimwa HbA1c ni 40, na 30 kati ya hao 40 sukari yao imedhibitiwa. Wapo watakaotangaza asilimia 75. Sisi tunaandika asilimia 30, kwa sababu wale 60 hatujui hali yao, na mara nyingi asiyeonekana ndiye aliyezidiwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka malengo ya kufikiwa ifikapo 2030: kati ya waliogunduliwa kuwa na kisukari, asilimia 80 wawe na sukari iliyodhibitiwa, na asilimia 80 presha iliyodhibitiwa. Presha imetajwa kwa sababu nzuri. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 1998 ulionyesha kuwa wenye kisukari aina ya pili waliobanwa presha zaidi walipata kiharusi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 44 kuliko wenzao.

Aliyekosa miadi hupigiwa simu. Asipopatikana kwa miezi mitatu, jina lake huhamia orodha ya waliopotea. Akirudi hakuna faini, uvumi huo hauna msingi. Atapimwa upya kila kitu, basi. Kama ulikuwa kwa mganga wa mitishamba, tutajie dawa uliyokunywa. Hatutakugombeza. Tutajitahidi.

Na insulini si hukumu ya kifo. Nimechoka kulisema hili, lakini nitalisema tena wiki ijayo.

Lipo moja ambalo wagonjwa hawatuulizi, na wangetuuliza. Kadi ikionyesha HbA1c iliyo juu na inayopanda, asilimia 9.5, kisha 9.8, kisha 10, na dawa ni zilezile, dozi ileile, usikubali kuambiwa tu "punguza ugali". Huenda kweli ugali umezidi, au dawa hazinywewi, na tutakuuliza. Lakini mtoa huduma aliyeziona namba hizo mara tatu bila kubadilisha matibabu wala kuandika sababu naye ana la kujibu. Mwonyeshe kadi. Akikuharakisha, omba kumwona mfawidhi wa kliniki siku hiyohiyo, kabla hujachukua dawa dirishani.