Mililita tano, miradi mitatu: maabara ya pamoja inavyogawa damu ya mtoto

Mtafiti anayeomba huduma katika maabara ya pamoja ya hospitali ya watoto kwa kawaida huanza kwa kuuliza tuna mashine gani. Mimi humrudishia swali: unataka mililita ngapi, na za mtoto wa kilo ngapi? Mashine moja huweza kuhudumia miradi kumi kwa wiki, lakini mtoto hawezi.

Chukua mtoto wa kilo 6. Ukikadiria mililita 80 kwa kila kilo, mwili mzima una damu kama mililita 480. Kikomo kinachotumika sana cha utafiti kwa mtoto mgonjwa ni mililita 3 kwa kila kilo ndani ya wiki 8, yaani 18. Mimi huhesabu damu ya matibabu humo humo, hata pale itifaki inaponiruhusu kuiacha nje, kwa kuwa mishipa ya mtoto haijui ipi ni ya daktari na ipi ni ya mtafiti. Siku ya kulazwa, kipimo cha hesabu kamili ya damu huchukua nusu mililita, kuotesha vijidudu 2, kemia 1, na kulinganisha damu ya kuongezewa 1. Ukiongeza vipimo vya kufuatilia vya 1.5, zimeshaondoka 6. Zimebaki 12, na miradi mitatu imekuja kila mmoja ukidai 5. Hesabu haikubali.

Ndiyo maana tunatoa damu mara moja, mililita 5 kwenye tyubu ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), kisha tunaigawa wenyewe. Kabla ya kuizungusha kwenye sentrifuji tunachota maikrolita 300 kwa ajili ya matone ya damu yanayokaushwa kwenye karatasi. Inayobaki inazungushwa kwa nguvu ya 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia) dakika 10, plazima, yaani majimaji ya damu, inatolewa na kuzungushwa tena kwa 800 g dakika 10 ili chembe sahani (za kugandisha damu) zishuke. Plazima hiyo inamtosha mtu wa protini na mtu wa virusi. Chembe zilizobaki zinarudishiwa maji ya chumvi ya PBS hadi ujazo wa awali, nazo zinakwenda kutenganishwa kwa Ficoll, kimiminika kizito kinachotenga chembe nyeupe za mtu wa kinga na zile nyekundu. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu, kwa malaria kali au siko seli, hutoa plazima nyingi zaidi kwa kila mililita, basi usishangae vikombe vyake vya plazima vikizidi. Wingi huo usikushawishi kumrudia: ndiye wa mwisho anayestahili kuchomwa tena.

Ugomvi wa kawaida ni rangi ya kifuniko, inayoonyesha dawa iliyo ndani ya tyubu. Watu wa kinga hupenda heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, na heparini huzuia PCR, kipimo cha vinasaba. EDTA inafaa kwa wote watatu, ila isiguse damu ya vipimo vya kemia. Mhudumu akijaza tyubu ya EDTA kwanza, kisha ya kemia kwa sindano ile ile, potasiamu hupanda na kalsiamu hushuka bila mtoto kuwa na tatizo. Kemia ijazwe kwanza. Na tyubu ya EDTA igeuzwe polepole mara 8 hadi 10. Ukiitikisa, chembe nyekundu hupasuka, usipoigeuza, huganda.

Kutenganisha chembe nyeupe ndiko kunakoharibika zaidi. Tandaza damu iliyozimuliwa juu ya Ficoll taratibu, zungusha 400 g dakika 30 kwa nyuzi 20, breki ikiwa imezimwa. Breki ikiachwa ikifanya kazi, tabaka huchanganyika na utando mweupe wa chembe tunazozitaka hauonekani. Kosa la pili ni kuandika mizunguko badala ya g. Mizunguko 1,450 kwa dakika kwenye rota yenye nusukipenyo cha sentimita 17 ni karibu 400 g. Mizunguko hiyo hiyo kwenye rota ya sentimita 10 ni kama 235 tu, na chembe nyekundu hubaki zinaelea. Katika maabara inayotumiwa na watu wengi, bandika kila sentrifuji nusukipenyo cha rota yake.

Kosa la tatu hutokea njiani. Mleta sampuli anaona kisanduku cha baridi, anatia barafu kwa nia njema. Damu ya kazi hii isafiri kwenye nyuzi 18 hadi 25, nje ya jua, na ifike ili kazi iishe ndani ya saa 8 tangu kutolewa. Foleni ya magari ya Wandegeya, hapa Kampala, jioni inakula sehemu ya saa hizo. Kwa hiyo Ijumaa baada ya saa nane mchana hatupokei, labda uwe umeweka nafasi na mtu wa kukesha.

Kugandisha: chembe milioni 5 hadi 10 kwa mililita, katika seramu ya ndama asilimia 90 na DMSO, kemikali ya kulinda chembe zisiharibiwe na barafu, asilimia 10. DMSO ikishaingia, usisimame kuandika lebo. Inaua chembe kwenye joto la chumba. Lebo ziwe tayari. Chombo kishuke nyuzi 1 kwa dakika hadi −80, kisha ndani ya siku 3 vikombe vihamie kwenye naitrojeni ya majimaji. Lita moja ya naitrojeni ikigeuka gesi hufika karibu lita 700, kwa hiyo hakuna anayeingia chumba kile bila kipima oksijeni kinachofanya kazi.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa huhimili kuliko iliyo nusu. Nafasi tupu zijazwe masanduku. Hatari kubwa mara nyingi ni umeme unaporudi kwa jenereta: friza nne zikiwaka kwa pamoja huweza kuangusha jenereta. Zipangie kuwaka kwa kupishana dakika 5, kila moja na stabilaiza yake. Kengele inayotuma ujumbe kwa simu ijaribiwe kila Jumatatu, pamoja na salio la laini yake. Laini isiyo na salio ni kengele bubu.

Matone kwenye karatasi ndiyo rahisi: yakauke angalau saa 4 bila jua, yawekwe na vifuko vya kunyonya unyevu na kadi ya kuonyesha unyevu. Kadi ikigeuka rangi, badilisha vifuko kabla ya kuhifadhi.

Ukitaka sampuli itoke Uganda, lete mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali cha UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda, kabla ya kuomba barafu kavu ya kusafirishia. Barafu hiyo hupungua kila saa hata ikiwa imefungwa, na kibali hakiharakishwi na kisanduku kinachofuka moshi mlangoni.