Betri Iliyokuja na Gari Siyo Lazima Iwe ya Kiwandani

Wiki iliyopita mteja alinishika mkono nilipokuwa nalegeza kichwa cha hasi cha betri ya gari lake. "Fundi, hiyo usiitoe. Ni orijino ya kiwandani, imekuja na gari kutoka Japani, na za madukani hazina nguvu kama hiyo." Gari lake, Toyota IST ya mwaka 2005, lilikuwa limevutwa kwa kamba kutoka Tabata. Nilifuta vumbi juu ya betri, nikamwonyesha kibandiko kilichoandikwa kwa maka peni: H30.11. Yeye alikuwa akidhani ni namba ya aina ya betri, kumbe ni tarehe ya Kijapani, Novemba ya mwaka wa 30 wa enzi ya Heisei, yaani 2018. Betri ilifungwa gari likiwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Imani hii imenichosha, kwa sababu inawalaza watu barabarani. Gari lililotumika huko limekwisha kubadilishiwa betri, pengine zaidi ya mara moja, kisha likakaa yadi na melini kwa wiki nyingi huku saa, alamu na kompyuta zikinyonya umeme kidogo kidogo. Betri ya risasi na asidi ikikaa bila chaji, salfeti ya risasi hujenga juu ya sahani fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi. Hata ile iliyofungwa kiwandani kweli haina risasi ya aina ya pekee, na joto la Dar es Salaam huila kama linavyozila nyingine: kwa makadirio yanayotumika katika kazi hii, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa betri karibu kwa nusu.

Linaloniudhi zaidi ni usomaji wa namba. Mtu anaona 55D23L, anasema "hii ni ya ampea 55", kisha anatafuta yenye namba kubwa zaidi akiamini amenunua nguvu. Hiyo 55 ni daraja la utendaji katika mfumo wa Kijapani, wala si ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambao betri inaweza kutunza. Betri hiyo kwa kawaida huwa na ampea-saa 48 ikipimwa kwa kutolewa umeme kwa saa 5, na kama 60 ikitolewa polepole kwa saa 20. D ni upana na kimo cha kasha, 23 ni urefu kwa sentimita, na L huonyesha upande wa vichwa. Gari lililoundwa kuzima injini lenyewe kwenye foleni na kuiwasha tena huja na betri ya aina ya Q-85, ambayo kasha lake ni lilelile la D23, kwa hiyo fundi asiye makini hufunga 55D23L, inakaa barabara kabisa, na baada ya muda mfupi inakufa kwa sababu haikuundwa kwa kuwasha injini mara kadhaa katika safari moja.

Taa kuwaka hakuthibitishi chochote, kwa maana starta inataka umeme mwingi kuliko taa zote za gari. Pima kwa mita ya volti asubuhi kabla ya kuwasha: betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi, na wakati wa kupiga starta isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, oltaneta, yaani jenereta inayochaji betri, itoe kati ya 13.8 na 14.4, isipotoa, betri mpya haitakusaidia.

Hata hivyo, nimewahi kupitisha betri kwenye kipimo hiki Ijumaa, ikafa Jumatatu kwa kuvunjika kiungo cha ndani baina ya seli, na nimewahi kuhukumu nyingine ambayo mwenye gari aliendelea kuitumia mwaka mzima. Mita husoma hali ya leo tu. Kwa hiyo betri ikishapita miaka mitatu katika joto letu, mimi hushauri ipimwe kila gari linapokuja kubadilishwa oili.

Ya IST ilisoma 12.1, na starta ilipopigwa ikashuka hadi 7.8. Mwenyewe aliangalia mita mara mbili, akakubali. Nilipofunga mpya, aliniomba maka peni akaandika mwezi na mwaka juu yake kwa mkono wake.