Memphis Belle haikuwa ya kwanza

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba Memphis Belle, ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-17, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukamilisha safari 25 za mashambulizi barani Ulaya katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sivyo. Kikosi chake kilitimiza safari ya 25 tarehe 17 Mei 1943, siku nne baada ya B-17 nyingine iliyoitwa Hell's Angels. Na Hot Stuff, ya aina ya B-24, ilikwisha kufikisha idadi hiyo tangu Februari, kabla ya kuanguka Iceland tarehe 3 Mei ikiwa njiani kurudi Marekani, ajali iliyomwua Jenerali Frank Andrews. Memphis Belle ilirejea salama pamoja na kikosi chake, ikazungushwa mji hadi mji kuhamasisha umma, na nadhani hapo ndipo uvumi ulipoota mizizi.

Jina lilitokana na mchumba wa rubani Robert Morgan, Margaret Polk wa mji wa Memphis. Hata hivyo, msichana aliyechorwa puani mwa ndege, kwa vazi la kuogelea la buluu upande mmoja na jekundu upande wa pili, si yeye: alinakiliwa kutoka mchoro wa George Petty. Morgan na Polk hawakuoana.