Daraja ni la Nani? Ugatuzi na Habari Zinazotufikia Nakuru

Nilialikwa katika studio ya redio hapa Nakuru, kipindi cha asubuhi, nieleze bajeti ya kaunti. Simu ya kwanza ikatoka upande wa Njoro. Mama mmoja alisema daraja lao limezama kwa siku ya tatu na watoto wanavushwa mgongoni. "Asante mama, gavana amesikia," mtangazaji akajibu, akaweka wimbo. Muziki ukiendelea, nikamuuliza kama daraja lile ni la kaunti au la serikali ya kitaifa. Akainua mabega. Hata mimi sikuwa na jibu.

Kabla ya 2013 swali hilo halikuwa na uzito. Nakuru ilikuwa makao ya Mkoa wa Bonde la Ufa, mkuu wa mkoa akiteuliwa na Rais. Habari za serikali zilishuka kutoka Nairobi, zikasomwa barazani, chifu akazirudia, mwandishi akazituma gazetini. Kisha ukaja ugatuzi, yaani kushusha madaraka hadi kaunti: uchaguzi wa 4 Machi 2013 ukatuletea magavana 47 wanaotafuta kura papa hapa, pamoja na wawakilishi wadi: Nakuru wadi 55, Kisumu 35, Kakamega 60. Ghafla paa la zahanati ya kijijini likawa habari, kwa sababu kuna mtu wa kuulizwa. Katiba nayo, Kifungu cha 196, ikaamuru mabunge ya kaunti yafanye vikao hadharani na yasiwafungie nje wananchi wala wanahabari, ila kwa sababu maalumu.

Lakini kaunti nayo ikawa mtengeneza habari. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka iwasiliane na wananchi kupitia redio, televisheni, mikutano na mitandao, na hilo ni jema. Shida iko kwenye utekelezaji. Gavana anafungua soko saa nne. Kufikia saa sita, kikundi cha WhatsApp cha waandishi kimepokea taarifa iliyoandikwa tayari, picha tano na video iliyokatwa vizuri. Mwandishi wa mashinani, ambaye mara nyingi hulipwa kwa kila habari inayotumika, angejilipia nauli kwenda kuhesabu vibanda vilivyo wazi. Afadhali atume iliyopo. Tena kituo chake kinategemea matangazo, na kaunti ni mnunuzi mkubwa wa matangazo. Simlaumu sana mwandishi huyo, ila msikilizaji ajue sauti anayoisikia ni ya nani.

Kuna pia suala la lugha. Mwanasiasa wa magharibi akihojiwa Mulembe FM, redio ya Kiluhya, au wa Kisumu akiwa Ramogi, redio ya Kijaluo, huongea na watu wa nyumbani, na ahadi huwa na majina ya vijiji. Jioni akiwa kwenye televisheni ya Nairobi, anazungumzia chama na uchaguzi wa 2027. Nakuru tuna makabila mengi, kwa hiyo mtu mmoja aweza kutoa ujumbe mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa lugha ya mama. Wahariri wa Nairobi wanaousikia huo wa pili ni wachache.

Basi mwananchi afanyeje? Aanze na Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi. Zahanati, masoko, shule za chekechea na barabara za kaunti ni za gavana. Polisi, shule za upili na barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa. Mwakilishi wadi hutukanwa kila siku kwa mambo ya mbunge! Kisha aweke tarehe akilini: makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Hapo ndipo pa kuuliza soko limetengewa ngapi, wala si siku ya kukata utepe.

Halafu kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo wengi hawaitumii. Unaandika barua, hata kwa Kiswahili: "Naomba nakala ya mkataba wa daraja fulani na kiasi kilicholipwa." Hulazimiki kusema unaitakia nini. Kuomba ni bure, unalipia nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikikunyima unapeleka malalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Na yule mama wa Njoro hakuhitaji kwanza kujua daraja ni la nani: barua ikienda ofisi isiyohusika, ofisi hiyo inatakiwa kuipeleka inakostahili ndani ya siku 5.