Je, wajua kwa nini tajiri hawezi kuinunua Mastodon yote?

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, ipo simu ya zamani iliyotundikwa na tangazo la kuwaalika watu wapige nchi za nje bure. Wageni huipiga picha, wengine hunyanyua mkono wake wakasikiliza. Sisi tunaokunywa kahawa pale tunajua kwamba haikuunganishwa na kitu chochote.

Ndipo hapo mzee mmoja wa baraza aliponibana kuhusu Mastodon, mtandao wa kijamii ninaoutumia. "Facebook tunajua ya Zuckerberg. Twitter kainunua Musk, kaibadilisha jina. Hiyo Mastodon yako, yakhe, mwenyewe nani?" Nikamjibu haina mwenyewe. Akatua kikombe. "Kitu kisicho mwenyewe si huliwa na mchwa?"

Jibu langu lilikuwa baya, na nimelifikiria sana tangu siku ile. Mastodon inao wenyewe, tena wamejaa tele.

Tuanze na simu zetu wenyewe. Mwenye laini ya Airtel humpigia mwenye Halotel na hakuna anayeona ajabu. Barua pepe ni hivyo hivyo: mwaka 1971 Ray Tomlinson aliiweka alama ya @ kati ya jina la mtu na jina la kompyuta anayotumia, na mpaka leo unamwandikia mtu wa kampuni nyingine bila kuhama ya kwako. Mitandao ya kijamii ndiyo iliyotuzoesha kinyume. Ukitaka kumfuata mtu aliyeko TikTok kwa akaunti yako ya Instagram, huwezi. Sharti ufungue akaunti ya pili, utoe namba yako tena, ukubali masharti usiyoyasoma tena.

Mastodon imerudi kwenye njia ya barua pepe. Ni programu, iliyoanzishwa mwaka 2016 na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko. (Mastodon mwenyewe ni mnyama wa kale aliyefanana na tembo.) Ni programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi, na leseni yake, AGPL, inamruhusu yeyote kuuchukua, kuubadilisha na kuutumia, ila akiubadilisha na kuwawekea watu mtandaoni lazima naye awaonyeshe alichobadilisha. Basi mtu, chuo au jumuiya huiweka kwenye seva yake, yaani kompyuta inayohudumia watu mtandaoni, akaweka kanuni zake, akakaribisha watu. Huyo ndiye mwenye baraza. Mabaraza hayo ni maelfu.

Kinachoyafanya yasikilizane ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, kiliipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2018. Programu nyingine nazo zinaizungumza: Pixelfed ya picha, PeerTube ya video inayotengenezwa na jumuiya ya Kifaransa ya Framasoft, na nyinginezo. Mkusanyiko wote huo watumiaji wake wanauita Fediversi.

Nina binamu Wete. Akaunti yake iko kwenye seva iliyopo Ufaransa, yangu iko Ujerumani. Tuseme anaitwa @karafuu@baraza.mfano. Anwani ina alama mbili za @: ya kwanza inatangulia jina lake, ya pili inatangulia seva anayokaa. Nilipoiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, seva yangu ilibisha hodi kwa seva yake: kwenu yupo mtu wa jina hili? Ikajibiwa yupo, na sanduku lake la kupokelea ni hili. Nikabonyeza kumfuata. Seva yangu ikapeleka ombi lenye saini ya kidijiti ili ijulikane kweli linatoka kwetu, seva yake ikakubali, na jina langu likaandikwa kwenye daftari la wafuasi wake.

Asubuhi moja akaposti picha ya karafuu alizoanika kwenye majamvi uani. Seva yake ikapitia daftari, ikaona wafuasi wapo kwenye seva kadhaa, ikaipelekea kila moja nakala. Picha ikatoka Pemba ikaenda Ufaransa, ikaenda Ujerumani, ikarudi Unguja, kabla hajamaliza kuzigeuza. Boti ya kutoka Wete ingekuwa haijang'oa nanga.

Neno nakala ndilo la kulishika, kwa sababu linaeleza vioja vingi vinavyomshangaza mgeni. Kwa nini mimi naona majibu matatu chini ya ile picha na mwenzangu wa seva nyingine anaona saba? Kwa sababu kila seva inajua yale tu yaliyoifikia, kama habari ya harusi inavyokuwa imeenea Wete yote na Mkoani hawajasikia. Na ukifuta posti, seva yako huzitumia nyingine ombi la kufuta nazo. Nyingi hufuta. Ile iliyozimwa siku hiyo, au yenye mwenyewe mkaidi, huenda ikabaki nayo.

Sasa turudi kwa tajiri. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na kwa malipo hayo alipata kampuni, kompyuta, jina na mlango ambao watu wote walikuwa wakipitia. Kwenye Mastodon, fedha hizo zingemnunulia seva moja au mia moja. Watu wake wangefunga virago. Programu yenyewe ina nafasi ya kuhamia: unafungua akaunti mahali pengine, unaelekeza ile ya zamani huko, na wafuasi wako wanahamishwa bila wao kufanya kitu. Posti za zamani ndizo haziji. Mimi nilihama mara moja, na miaka miwili ya maneno yangu ikabaki kwenye nyumba niliyoiacha. Naona ni kasoro kubwa, na wanaoisifu Mastodon hawapendi kuitaja.

Uhuru huo haumchagui mtu. Mwaka 2019 Gab, mtandao uliojaa watu wa siasa kali za mrengo wa kulia Marekani, ulihamia kwenye msimbo wa Mastodon, na hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Walichoweza wenye seva nyingi ni kukata mawasiliano nao. Mwaka 2021 Truth Social ya Donald Trump nayo ilionekana imejengwa juu ya msimbo huo huo bila kuuweka wazi. Ikakumbushwa leseni, na baadaye ikauchapisha.

Kwetu faida ya milango mingi inaeleweka bila maelezo marefu. Oktoba 2020, siku za uchaguzi, Twitter ilikuwa haifunguki Tanzania, na Mei 2025 ikazuiwa tena, sasa kwa jina lake jipya, X. Kuzuia maelfu ya seva ni kazi ngumu zaidi kuliko kuzuia anwani moja. Lakini intaneti ikizimwa nchi nzima kama Oktoba 29, 2025, Fediversi inakuwa sawasawa na ile simu ya Jaws Corner.

Linalonisumbua zaidi ni mwenye baraza. Ujumbe wa faragha kwenye Mastodon hausimbwi toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo anayeendesha seva akitaka anaweza kuusoma. Yeye ndiye anayelipia umeme na hifadhi, mara nyingi kwa michango; yeye ndiye anayeamka usiku kufuta matusi. Akichoka, anafunga. Seva zinazoorodheshwa na mradi wa Mastodon huahidi kutoa taarifa angalau miezi 3 kabla, na seva isiyo kwenye orodha hiyo haijakuahidi hata wiki.

Haya nilimweleza yule mzee Ijumaa iliyofuata, kwa vikombe vitatu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwenyewe yupo."

"Yupo, ami. Wangu ni Mjerumani."

"Umeshamuona?"

"Sijamuona. Nimesoma kanuni zake, na kila mwezi anabandika hesabu: kapata kiasi gani, katumia kiasi gani."

Akamgeukia muuza kahawa. "Msikie! Na wewe kesho tubandikie hesabu."

Muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake akatuambia kwamba kwenye hesabu hiyo jina la kwanza lingekuwa la mzee, na deni lake tangu Ramadhani.