Basi la Kigongo na mwezi wa wavuvi: kupima muda katika programu za bloku

Jumamosi moja kwenye darasa letu la programu hapa Mwanza, wasichana wawili walitengeneza mchezo wa basi linalovuka Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo kwenda Busisi. Kwenye laptopu yao basi lilikwenda vizuri. Walipouhamishia mchezo kwenye laptopu kuukuu iliyo mezani kwangu, basi likawa linatambaa kama limeharibika gia. "Mwalimu, kompyuta yako imechoka," wakaniambia. Imechoka kweli, ila kosa halikuwa lake.

Bloku zao, yaani vipande vya maelekezo vinavyopangwa kimoja chini ya kingine badala ya kuandika msimbo, zilisema: rudia daima, sogea hatua moja. Scratch, programu ya bloku tunayotumia darasani, hujitahidi kurudia mzunguko wa aina hiyo mara 30 kwa sekunde. Mashine ikizidiwa, inarudia mara 15, au hata 10, na basi nalo linapunguza mwendo. Kumbe mwendo wa basi ulitegemea nguvu za kompyuta, saa haikuhusika kabisa.

Tukakaa na kalamu. Jukwaa la Scratch lina upana wa nukta 480, kuanzia −240 kushoto hadi 240 kulia. Daraja lina kilomita 3, kwa hiyo basi la kilomita 60 kwa saa hulimaliza kwa dakika 3. Hakuna mtoto atakayekodolea kioo dakika 3, tukazibana ziwe sekunde 30. Gawanya 480 kwa 30, unapata nukta 16 kila sekunde. Wakaitoa bloku ya "sogea", wakaandika kwamba mahali lilipo basi ni −240, jumlisha 16 mara kipima muda. Kipima muda ni bloku ndogo iliyo kwenye kundi la vihisi, na bendera ya kijani ikibonyezwa kinaanza upya kwenye sifuri. Sasa kwenye laptopu yao basi linateleza, kwenye yangu linarukaruka kama liko kwenye matuta, lakini yote mawili yanaingia Busisi sekunde ya 30.

Hapo ndipo wanaoanza hukwama. Wanaijua bloku ya "subiri", na kila jambo la muda wanalipeleka huko. "Subiri" inayalaza maelekezo yaliyo chini yake mpaka muda uishe. Kipima muda hakimlazi mtu. Kinakuwezesha kuuliza, katikati ya kazi, imepita muda gani, kisha ukaamua.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza: mtoto anaandika "kama kipima muda ni sawa na 10, mchezo uishe", na mchezo hauishi. Kipima muda kina desimali, kinasoma 9.98, ukikiangalia tena kinasoma 10.02, na kumi kamili imeshapita pembeni. Tumia "zaidi ya 10". Mtego wa pili ni kwamba mradi mzima una kipima muda kimoja. Katika mchezo wenye samaki na mtumbwi, samaki akikirudisha sifuri, mtumbwi nao umepotezewa hesabu yake. Huwa nawauliza: mama akiinjika maharage, anairudisha saa ya ukutani kwenye sifuri? Anakumbuka tu ameinjika saa ngapi. Vivyo hivyo, samaki atunze kwenye kibadilika chake, yaani kisanduku cha kuhifadhi namba, namba ya kipima muda aliyoanza nayo, kisha atoe namba hiyo kwenye kipima muda cha sasa.

Wenye micro:bit, kile kikompyuta kidogo chenye vitufe na taa, watakuta bloku kama ya kipima muda inayohesabu milisekunde tangu kifaa kiwashwe. Inafaa sana kwa mchezo wa kubonyeza kitufe taa ikiwaka. Wengi huchukua kama robo sekunde hivi, na wabishi hurudia mpaka betri iishe.

Mradi ninaoupenda zaidi ni saa ya Kiswahili. Scratch ina bloku inayotoa saa ya kompyuta, kuanzia 0 hadi 23, kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane. Saa 7 ya kompyuta kwetu ni saa moja asubuhi. Chukua namba hiyo, jumlisha 6, gawanya kwa 12, shika baki. Saba inatoa moja. Kumi na tano inatoa tisa. Inakwenda vizuri mpaka jioni, ndipo paka wa Scratch anatangaza "sasa ni saa sifuri", darasa linavunjika mbavu, na lazima mtu aongeze sharti kwamba baki likiwa 0, sema 12. Na kagueni kwanza tarehe ya laptopu. Hizi tunazopewa zilizokwishatumika, nyingine huja bado zina saa za Ulaya.

Kijana mmoja anayetoka familia ya wavuvi wa dagaa aliuliza kama kompyuta inaweza kujua giza la mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu. Inawezekana. Ipo bloku ya siku zilizopita tangu mwaka 2000, nayo ina desimali. Mwezi mwandamo wa kwanza wa mwaka ule, yaani mwezi ulipokuwa gizani kabisa, ulikuwa Januari 6, saa tatu usiku kwa saa zetu, yaani siku 5.9 tangu mwaka uanze. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni wastani wa siku 29.53059. Toa 5.9 kwenye siku za bloku, gawanya kwa 29.53059, baki ndiyo umri wa mwezi. Tulijaribu na Januari 1, 2026: siku 9497, baki 11.8. Mwezi mpevu ni karibu na 14.8, kwa hiyo ulitakiwa kuwa tarehe 3, na ndivyo ulivyokuwa.

Akaweka sharti: umri ukiwa kati ya 11 na 18, mtumbwi ubaki mwaloni. Wiki iliyofuata alirudi amebadilisha namba zote mbili. Baba yake aliziangalia akasema huyu aliyepanga hizi hajawahi kulala ziwani.