Ati ukishamaliza kozi ya masaa 9 unaweza peana dawa kwa yeyote? Zii

Wenye mnafanya keagiving (kulea wagonjwa na wazee) huku Washington (lile jimbo, si DC) hii ni yenu.

Dhana ya kwanza, na ndio inaingiza watu wengi shida: ukishafanya ile kozi ya masaa 9 ya delegesheni (yaani muuguzi kukukabidhi kazi yake ya uuguzi) na ukapata cheti basi umeruhusiwa kupeana dawa. Hapana. Cheti kinaonyesha tu uko tayari kukabidhiwa. Ruhusa yenyewe inatoka kwa nasi (huyo muuguzi), anakupea wewe, kwa mgonjwa mmoja, kwa kazi moja, na anaiandika, na kabla ya hapo amemwona huyo mgonjwa, hali yake imetulia, na mgonjwa ama anayemsimamia amekubali. Mimi kuna bosi aliniita nishike shifti kwa nyumba yake ya pili, nafika naambiwa mzee wa chumba cha nyuma anawekwa dawa ya macho saa mbili, "si wewe huwekea yule mama wa kule?" Dawa ni ileile, kachupa ni kalekale, lakini kwa karatasi ya huyo mzee jina langu halikuwepo. Nikakataa, akanuna, mwishowe nasi akapigiwa simu. Na sheria iko wazi, ukikataa kukabidhiwa kazi kwa sababu ya usalama wa mgonjwa mwajiri haruhusiwi kukuadhibu.

Ingine ni ati kila tembe inataka delegesheni. Mgonjwa akijua anachomeza ni dawa na anaweza kuifikisha mdomoni mwenyewe, wewe kumfungulia chupa na kumwekea kwa kiganja huo ni usaidizi tu. Ukimtilia mdomoni wewe, hapo umepeana dawa na nasi lazima awe amekukabidhi.

Sindano je? Insulini inakubalika, ila unaongeza kozi ya masaa 3 ya kisukari, na nasi lazima aendelee kukuangalia vile kanuni inasema. Chenye hukabidhiwi kabisa ni kama kushughulikia ile mipira ya kupitishia dawa iliyoingizwa kwenye mishipa mikubwa ya damu, ama kitu kinataka uamuzi wa nasi, mfano kuangalia sukari halafu uamue mwenyewe leo tupunguze dozi.

Na hii ya "unafanya kazi kwa leseni ya nasi" sijui nani aliianzisha. Leseni ni yake peke yake. Yeye anajibu vile alikupima na kukufunza, wewe unajibu mkono wako, ukiruka hatua aliyokuonyesha hiyo ni yako.